Msumari wa Ishirini na Tano

Kile kilima kilinigharimu nauli ya kwenda na kurudi, siku mbili za soko, raba zote mbili na ukucha wa dole gumba la mguu wa kulia. Nimehesabu mara mbili. Usingizi sijautia, maana sijui utarudi lini, na mimi siandiki hasara kitu ambacho huenda bado kiko njiani.

Tabia hiyo ya kutoandika hasara niliipata kwa keateka wetu, mtunza nyumba tunazopanga, na yeye ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Jina lake ninalijua. Silitaji, kwa sababu kwa miaka kumi na minane yeye hajawahi kulitaja langu.

Sisi sote alituita kwa milango. Mimi ni Kumi na Nne. Mama yangu ni Mama Kumi na Nne. Jirani yetu wa pembeni, mwalimu mwenye digrii na kitambi, ni Kumi na Tano tu, na akiitwa hivyo mbele ya wageni wake huinamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Ploti yetu iko Tassia, ghorofa sita, nyumba nne kila ghorofa. Ishirini na nne. Keateka alikaa kibanda cha chini ya ngazi, karibu na lango, na ukutani mwa kibanda alikuwa na ubao.

Kwenye ubao huo ndipo kazi yake yote ilipokaa. Alikuwa amepigilia misumari, na kwenye kila msumari kikaning'inia kifuniko cha soda kilichotobolewa, kimepakwa namba ya nyumba kwa rangi nyekundu iliyobaki lango lilipopakwa. Kifuniko kikionyesha mgongo, nyumba imejaa, wenyewe wako ndani. Kikionyesha tumbo, kuna mtu bado yuko nje. Saa nne na nusu usiku alifunga lango, lakini si kabla ya kupitisha kidole kwenye vile vifuniko, taratibu, midomo ikicheza bila sauti. Ukichelewa, ulimkuta amesimama na funguo mkononi. Hakugomba. Aligeuza kifuniko chako mbele ya macho yako, tik, na hiyo tik ilinitia hofu kuliko matusi.

Jambo moja alilikataza kabisa: kuhesabu watu.

"Kwetu watu hawahesabiwi," aliniambia wiki ya kwanza tulipohamia, aliponikuta kwenye ngazi nikihesabu wabebaji wetu wa mizigo, maana niliwalipa kwa kichwa. "Hesabu vitu vyao. Hesabu viti walivyobeba. Mtu ukimtia namba, umemwonyesha kwa kinachomtafuta."

"Na wewe mbona unaniita Kumi na Nne?"

"Huo ni mlango. Mlango hauna roho."

Alipokuja yule dada wa sensa na kikoti chake cha kung'aa, Keateka alimzuia langoni nusu saa. Dada aliuliza wapangaji wako wangapi; Keateka akasema ahesabu viatu vilivyo milangoni agawanye kwa mbili. Dada akasema, "Mzee, serikali haigawanyi kwa mbili." Keateka akamjibu, "Ndiyo maana hesabu yao haitoshi kila mwaka." Tulicheka. Lakini dada alipopanda kuhesabu, Keateka aligeukia ukuta hadi aliposhuka.

Nilidhani ni mila tu. Hata Mama yangu, ambaye ni mtu wa kanisa na wa kamati tatu, huwezi kumwuliza amezaa wangapi akakutajia namba. Atakuambia, "Mungu alinipa hao wa kunitosha." Sisi tulikuwa wawili. Kaka yangu mkubwa, ambaye mtaa mzima wa Baba Dogo, tulikoishi wakati huo, ulimwita Winga kwa jinsi alivyokimbia na mpira, na mimi.

Winga alitoka nyumbani alfajiri moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, akasema anaenda na wenzake na atarudi kesho yake. Wenzake walikuwa wale vijana wa filimbi. Wakati huo wezi walikuwa wametuzidi, na mitaa ikaanza kujilinda yenyewe. Mwanzo walikuja na marungu na adabu. Baada ya muda walikuja na marungu. Kila nyumba ilitoa kitu, na ukisikia filimbi unafunga dirisha, maana hukujua wanamfukuza mwizi au wanamfuata jirani aliyekataa kutoa. Walisemekana kula kiapo kwenye kilima fulani cha mbali. Winga alienda kula kiapo. Mama alimpikia mayai.

Hakurudi, na wenzake wakatawanyika mwezi uleule. Hakuna aliyekuja kutueleza. Wachungaji wamemsihi Mama afanye ibada ya kumbukumbu. Yeye hujibu neno moja miaka yote: "Simwombei marehemu mtu ambaye sijamzika." Sasa miguu yake imevimba, ngazi hazipandi tena, na kuanzia mwaka juzi amebakia na ombi moja, ambalo hunitajia ninapomkanda: "Sitaki mwili. Nataka kujua tu, kabla sijafumba."

Hilo ndilo nililolifuata. Mengine yote yalinifuata mimi.

Lakini nimweleze Keateka kwanza, msije mkamchukia mapema.

Siku moja walimshika kijana akitoka ghorofa ya tatu na mtungi wa gesi begani. Kufumba na kufumbua, uani kulikuwa na watu, na kila mtu alikuwa na jiwe. Mnajua jinsi mambo hayo yanavyokwisha. Keateka akatoka kibandani, akamsukumia yule kijana kwenye chumba cha pampu ya maji, akafunga, akakaa kwenye ndoo mbele ya mlango, rungu mapajani. Hakuhubiri. Akaanza kuita milango.

"Kumi na Moja, weka chini. Ishirini, weka chini. Saba, wewe juzi ulinikopesha chumvi, weka chini."

"Mzee toka hapo, tutakupiga pamoja naye!"

"Nani huyo? Nitajie mlango wako."

Hakuna aliyetaja. Mmoja mmoja waliweka. Watu walipoondoka aliyakusanya yale mawe kwenye karai, akayahesabu, akayahesabu tena, akayapanga ukutani akayaangalia kwa muda mrefu mno. Nilikuwa nimesimama ngazini. Nikamwuliza, "Yametimia?" Aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Usiniulize neno hilo," akasema. "Kamwe."

Mtu huyohuyo, wiki mbili baadaye, alimpiga muuza maji kofi la kumwangusha, eti amepuliza filimbi ya kuita wateja. Mzee wa watu alikuwa na filimbi ya plastiki ya mtoto, ya rangi ya waridi. Keateka aliikanyaga hadi ikawa unga, kisha akatoa shati lake mwenyewe akampangusa damu ya pua, akimwomba radhi. Tangu siku hiyo nilijifunza kupita mbele ya kibanda chake bila mluzi.

Halafu kuna hili la nyumba, ambalo lilinichukua miaka kulielewa, na mimi ndiye ninayejidai kujua bei. Tulipokuja kutafuta nyumba Tassia, Keateka alitutajia kodi, nikamtajia nusu yake, kama mtu anavyoanza. Alisema, "Sawa." Jamani. Nauza mapazia ya mitumba. Najua mtu akisema sawa kwenye bei ya kwanza, ama pazia limetoboka ama ana sababu. Nilikagua kuta, nikakagua choo, nikafungua mifereji yote. Hapakuwa na kasoro. Nikajipongeza. Nilijisifu kwa bei ile miaka mingi, hadi mbele yake, naye alikuwa akitabasamu kwa mdomo uliofungwa na kutazama kwingine.

Sasa ubao. Kila mwaka, mwezi wa nane, Keateka alichukua siku mbili, akavaa koti lake zuri, akaondoka. Ubao aliniachia mimi. "Wewe unahesabu mara mbili," alisema. "Wengine huhesabu wakachoka." Nilikwisha kuona tangu zamani kwamba misumari ni ishirini na mitano. Nyumba ishirini na nne, misumari ishirini na mitano, na kile kifuniko cha mwisho, pembeni chini, hakina namba na kinaonyesha tumbo miaka yote. Nilidhani ni cha kwake.

Mwaka jana nilikitoa msumarini ili nipanguse vumbi. Upande wa mgongo, ule ambao hakuna aliyewahi kuuona, kulikuwa na neno kwa rangi nyekundu ya lango. Winga.

Nilikirudisha. Nikafuta alama za vidole vyangu kwa leso, kama mwizi.

Mtauliza kwa nini sikumkabili. Nilijaribu. Wiki iliyofuata nilimkuta akipaka rangi reli za ngazi. Nikasema kwa sauti ya kupitisha wakati, "Mzee, wewe ulimjua kaka yangu?"

Brashi ikasimama.

"Kumi na Nne. Swali hilo umelitoa wapi?"

"Nimeuliza tu."

"Basi lirudishe ulikolitoa."

Na funguo zake zilikuwa zinalia kiunoni ingawa hajasogea. Mtu huyu ndiye hufunga lango letu kila usiku. Ana funguo za akiba za mlango wangu, na nyuma ya mlango huo kuna mwanamke mzee asiyeweza kukimbia. Nililirudisha swali.

Lakini sikulitupa. Viatu vyake, aliporudi kutoka safari, vilikuwa na vumbi jekundu. Matope yetu ya Tassia ni meusi. Kwenye mfuko wa koti alilonipa nimpelekee dobi kulikuwa na tiketi ya basi ya upande wa mbele ya Thika. Na mwaka huu wezi walipoanza tena kwenye ploti za jirani, vijana wakaunda ulinzi mpya wakapita mlango kwa mlango. Mwenyekiti wao, kijana wa vesti ambaye baba yake alikuwa kwenye lile kundi la zamani, alikaa sebuleni kwetu akinywa chai.

"Mathee, keateka wenu anatuangusha," akaniambia. "Tumemwomba atufunze kazi, amekataa kabisa. Na huyo ndiye alikuwa mhesabu wa wale wazee wa kilimani, buda wangu aliniambia."

"Kilima gani?" nikauliza, nikimwongezea mkate.

Akanitajia. Mkate vipande vitatu na chai vikombe viwili. Kwa habari kama hiyo nilipata rahisi. Mama alikuwa amelala chumbani, namshukuru Mungu. Jina la kilima mimi silitaji, kwa kuwa kuna watu wanaishi chini yake na hawajamkosea mtu.

Nilienda mwezi wa saba, mwezi mmoja kabla ya safari yake. Nilimwambia Mama naenda kuangalia mzigo wa mapazia. Pikipiki iliyonitoa kwenye lami ilifika kwenye nyumba ya mwisho ikasimama.

"Hapa ndio mwisho, mathee."

"Tulipatana hadi kilimani."

"Tulipatana hadi karibu na kilimani. Hii ni karibu."

Nilijaribu kumwongeza. Kwa mara ya kwanza maishani niliona mwendesha pikipiki akikataa nyongeza. Nikaenda kwa miguu.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, na niliogopa kama mtoto aliyefungiwa stoo. Kilima chenyewe si kirefu. Ni mwamba na miiba, na mto mkavu chini yake wenye mawe laini, ya mviringo. Hakuna ndege aliyelia. Kila nilipogeuka nilikuwa na hakika nitaliona koti la Keateka. Ukucha niliuacha nusu ya njia. Juu kulikuwa na uwanda wa mwamba mweusi, na katikati yake jiwe moja. Mawe mengine yote ya huko ni makali. Hilo lilikuwa laini, la mtoni, ukubwa wa mkate. Limepakwa rangi nyekundu. Niliijua rangi ile. Niliishika kila siku nikifungua lango letu. Herufi moja tu: W.

Sikufikiri. Nilikuja kutafuta kitu cha kumpelekea Mama, na hicho ndicho kilichokuwepo. Nikalitia mkobani.

Ndipo nikasikia filimbi. Moja, ndefu, kutoka upande wa pili wa kilima. Labda ni mchunga mbuzi. Sikungoja kumwuliza. Nilishuka kile kilima kwa namna ambayo Winga mwenyewe angenipigia makofi, na raba zangu zikafunguka soli zote mbili.

Chini nilimkuta mwanamke akipepeta ndengu nje ya boma lake. Aliutazama mkoba wangu ulivyovuta bega.

"Umebeba nini, dada?"

"Jiwe," nikasema, maana pumzi ya kudanganya sikuwa nayo.

Ungo ukatulia. "Lile la juu?"

Nikatikisa kichwa ndiyo.

"Kuna mzee huja kila mwaka," akasema. "Hupanda, hukaa, hushuka. Akishuka huniuliza swali moja tu: kuna mtu ameshuka na jiwe? Namwambia hapana. Ananipa sukari, anaenda zake. Sasa mwaka huu nitamwambia ndiyo."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kulirudisha, lakini kupanda tena hata kwa kulipwa nisingepanda. Ningeweza kusema jina langu. Badala yake niliwaza zile funguo, nikamshika mkono. "Tafadhali usimwambie ni nani. Usimwambie hata kama ni mwanamke."

"Mimi huulizwa kama limeshuka," akasema. "Limeshuka. Sitaongeza neno."

Nilirudi Tassia, nikaliviringisha jiwe kwenye pazia la bluu ambalo halina mwenzake, nikalisukuma chini ya kitanda changu. Nilipanga kulirudisha kabla ya mwezi wa nane. Kila Jumatatu nilipanga.

Mwezi wa nane Keateka alivaa koti, akaniachia ubao, akaondoka. Siku mbili zile sikula. Nilijua anarudi na hasira, na nilikuwa nimemwomba Mungu iwe hasira tu.

Alirudi Jumamosi saa kumi jioni, akicheka. Miaka kumi na minane sikuwahi kuyaona meno yake, hayakuwa mengi. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja ubaoni, akashika kifuniko cha ishirini na tano, akakigeuza. Tik. Jina likaonekana.

"Nyumba imejaa," akasema, na machozi yakamshuka hadi kwenye kola. "Twende kwa Mama."

Alipanda ghorofa nne akipumzika kila kona. Akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama, akamweleza yote, mimi nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba changu.

Kila aliyepanda kula kiapo alichukua jiwe mtoni akaliweka juu. Akishuka, alishuka na lake. Mhesabu, ndiye Keateka, alipanda nao, kisha chini akahesabu mawe, kwa sababu watu hawahesabiwi. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Winga alikuwa ameumia goti, akampa Keateka jiwe lake amsaidie kubeba, akasema anamfuata pole pole. Keateka akafika chini, akayaweka mawe yote mawili, lake na la Winga, kwenye rundo. Akahesabu mara moja. Yalitimia. Lori likaondoka.

"Njiani mmoja akauliza, Winga yuko wapi? Nikamwambia nyamaza, hesabu imetimia. Hakuna aliyethubutu kutazama vichwa. Tuliporudi siku ya pili hakuwepo, wala damu, wala kiatu. Nikalirudisha jiwe lake juu. Nikasema akiwa hai, siku moja atapita alichukue, maana kiapo kinamtaka ashuke nalo. Mama, nimengoja. Nimewaweka karibu nami, hata kwa nusu ya kodi, ili nimwone akija." Akafuta uso. "Mwezi uliopita ameshuka. Mwanamke wa chini ameliona jiwe."

Nilimtazama Mama nikingoja amlaani. Mama alimwekea mkono kichwani.

"Alionekanaje?"

"Amekataa kunieleza. Inaonekana aliombwa asiseme."

Na Mama yangu akacheka. "Huyo ndiye. Hata akiwa mdogo, alipenda kujificha halafu anitokee."

Hiyo ni wiki tatu sasa. Mama ameanza kusimama. Jana alitembea hadi jikoni akikagua kama kuna mayai. Keateka amenenepa mashavu. Na lango, ambalo miaka yote lilifungwa saa nne na nusu, amekataa kulifunga, eti kijana asije akakuta kufuli akageuka. Nyumba ishirini na nne tunalala lango wazi, na nje huko vijana wa ulinzi mpya wanapuliza filimbi. Juzi kuna mtu asiye wa kwetu alipanda hadi ghorofa ya pili, akajaribu vitasa viwili. Kumi na Tano ameanza kulala na panga. Wapangaji wananijia mimi wakisema, "Ongea na mzee wako, wewe anakusikia."

Nikisema, nitawaua wazee wawili kwa sentensi moja. Nikinyamaza, lango liko wazi. Nikilirudisha jiwe juu, mwaka ujao atalikuta hapo, na atafikiri Winga ameshuka kisha akapanda tena, na hilo nikilifikiria nywele zinanisimama.

Mama ameniuliza leo asubuhi kilicho chini ya kitanda changu ni nini, mbona ufagio unagonga. Nimemwambia ni mzigo wa mapazia. Amesema kesho nitamtolea achague moja la kumtundikia Winga dirishani.

Nimepima kotekote mara mbili na sipati jibu. Wewe uliyesoma hadi hapa, ambaye huna mlango kwenye ubao ule, niambie: kesho Mama akinyoosha mkono, nimpe nini?